Ndiva Iliyofungwa kwa Matanga

Hapo zamani, wala si zamani ya mbali, maana mbolea ya dukani ilikuwa imeshapanda milima ya Upare, mto Kisuvi uliingia kwenye ndiva, yaani bwawa la kijiji. Usiku lilijaa, asubuhi likafunguliwa maji yaende mashambani. Lakini akifa mtu, ndiva haikufunguliwa mpaka matanga yaanuliwe. Ni mfiwa mwenyewe tu aliyeweza kuruhusu ifunguliwe mapema.

Akafa mume wa Nanzia. Alimwachia ng'ombe mmoja wa maziwa na mjukuu asiye na mama. Mtoto yule kila chakula alikitapika, ila maziwa. Shikeni hilo.

Majirani walimpenda Nanzia. Walimpenda kweli, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Senkondo, mwenye shamba juu ya ndiva, alitaka kabichi za karamu ya kuanua matanga zinenepe upesi. Akamwaga mbolea bila kipimo. Mvua ikaikomba yote ikaitia mtoni.

Namsifu alifua nguo na mashuka ya wageni wote wa msiba kwa sabuni ya unga, palepale maji yanapoingilia, ili mjane asishike kazi.

Mzee Semboja, mlinzi wa ndiva, aliyaona maji yakigeuka kijani kibichi na kuanza kunuka. Mkono ukamwasha kufungua. Akauzuia, kwa heshima ya marehemu.

Mwalimu Elinihaki alichota maji akayapima kwa dawa, yakawa buluu iliyokolea. Alijua maana yake: fosforasi imezidi. Ni chakula cha mimea, kimo kwenye mbolea na kwenye sabuni ile, na kikizidi katika maji yaliyotuama, mwani, ule ukijani wa majini, hustawi hata ukatoa sumu. Alijua yote hayo. Ila aliona kuitisha mkutano msibani ni kumkosea mjane, akasubiri.

Ng'ombe hakusubiri. Alikunywa ndivani asubuhi, na kabla ya adhuhuri alikuwa amelala ubavu, povu mdomoni, amekufa.

Desturi ya pale ni kali. Aliyeharibu maji humlipa aliyeumia ng'ombe anayekamuliwa, kisha hunyimwa maji ya mfereji kiangazi kizima. Hutajwa mmoja tu, na aliyeumia ndiye humtaja. Wote wanne walikuwa na ng'ombe mmoja mmoja, na watoto nyumbani.

Senkondo akamwambia Nanzia, "Shemeji, mbolea yangu ingepita ikaenda zake. Nani aliyeyafunga maji?"

"Niliyafunga kwa ajili ya mumeo, mwanangu," akajibu Semboja. "Maji matupu hayaui ng'ombe."

Namsifu alikuwa akilia. "Dada, nilifua shuka alilofia mumeo. Nisingelifua mimi ungelifua wewe, na kwa sabuni ileile."

"Mama, mimi sikutia kitu majini," akasema mwalimu.

Mzee Semboja akamgeukia. "Wala masikioni mwetu hukutia neno."

Nanzia akawatazama. Kwa muda wote ule alikuwa ndani ya eda, na hakuna hata mmoja aliyebisha hodi kumuuliza kama ndiva ifunguliwe. Angekubali. Mgongoni mtoto alilia njaa, sauti ikizidi kufifia.

Akafumbua mdomo ataje jina.

Haya, ninyi mlioketi hapa, mtoto bado analia. Je, nani alistahili kutajwa?