Kifaru Mwenye Haki na Kupe wa Mgongoni

Paukwa!

*Pakawa!*

Pakawa na nini?

*Na kiu nyingi, na dimbwi moja!*

Basi tulieni. Na nyinyi mnaogombania benchi la mbele kanisani, sogeeni karibu, hii ni yenu.

Ukame uliingia nyikani, kila kitu kikakauka kau. Likabaki dimbwi moja, na dimbwi lenyewe amelikalia Kifaru. "Maji haya ni ya Mungu," akasema, "na Mungu huwapa wasafi. Asiye safi hanywi, wala hanigusi!"

Akaja Swala. "Wewe ulikanyaga mayai ya Kwale. Toka!" Swala akatoka. Akaja Nyani. "Wewe uliiba mahindi. Toka!" Nyani akatoka. Wakaja ndege wale wanaodonoa kupe. "Nyinyi mnakula uchafu. Tokeni!" Pururu! Wakaruka.

Kifaru akabaki peke yake. Jua likishuka huuliza kwa sauti, "Nani msafi?" Hujijibu mwenyewe, "Ni Kifaru." Hunywa, gubu gubu gubu. Maji matamu, lakini hana wa kumwambia kuwa ni matamu. Upweke ulimkaa kifuani, naye akauita utakatifu.

Kwenye majabali ya jirani aliishi Pimbi, mnyama mdogo asiye na mkia, mwongo anayejulikana nyika nzima. Mkewe alikuwa amelala kivulini, ulimi umekauka, akiitwa haitikii. Pimbi akamtazama, akaogopa sana kuachwa peke yake duniani. Akashuka dimbwini.

"Shikamoo, mzee Kifaru."

"Marahaba. Toka, mwongo wee!"

"Natoka, mzee. Sikuja kunywa. Nilitaka tu kumwona mwenye haki kabla sijafa. Ila kupe huyo mgongoni..."

"Kupe? Mimi? Uongo!"

"Haya, uongo. Si mimi ndiye mwongo?" Akageuka, tipu tipu tipu.

Lo! Mgongo ukamwasha. Kifaru akageuza shingo, haoni. Akazunguka, haoni. Akajisugua mtini, kwaru kwaru, mti ukaanguka, puu! Bado unawasha.

"Pimbi! Rudi unitoe huyo kupe!"

"Nitakugusaje, mzee? Mikono yangu michafu."

"Basi nawa!"

"Kwa maji gani?"

Kifaru akalitazama dimbwi. Mgongo ukawasha. "Nawa humu."

"Na kupe hutolewa kwa meno, mzee. Mdomo nao mchafu."

"Sukutua!"

Pimbi akasukutua, gubu gubu gubu, mpaka tumbo likawa ngoma. Akajaza mashavu, akakimbia kumnywesha mkewe. Akarudi naye anajikongoja. "Mzee, mgongo wako mpana. Niwaite wenzangu? Nao wachafu vilevile."

"Waite!"

Wakaja Swala, Nyani na ndege. Wote wakanawa, wote wakasukutua, na hakuna aliyetema!

Pimbi akapanda mgongoni akicheka, maana habari ya kupe aliitunga tu. Akatazama. Kicheko kikakatika. Kupe walikuwa wamejaa tele, wanene, na chini yao vidonda.

"Mzee, umeumwa tangu lini?"

"Tangu nilipowafukuza ndege," akasema Kifaru kwa sauti ndogo. "Nikajua nikisema, watajua kuwa mimi pia si safi."

Wakaanza kumtoa kupe. Kifaru akalia machozi, kwa kuwa ilikuwa zamani sana tangu aguswe na mtu. "Niwalipe nini?" akauliza.

"Kwani mvua iliyojaza dimbwi uliilipa nini?" akasema mke wa Pimbi. "Mungu aliimwaga tu, kwako na kwetu. Hiyo ndiyo neema. Lala, tukutoe kupe."

Ngano yangu naitua hapa. Iliyemfurahisha aondoke nayo, iliyemchoma asiniulize mimi.

Funzo? Jitengeni na wenye dhambi, wanangu, kila mmoja awe safi kivyake. Maji mtakunywa mpaka mchoke. Migongo yenu, mtajua wenyewe.