Nakijwa Alipolisimamisha Lori

Macho ya watu si mizani. Jana mlimsikia shangazi yenu akilisema neno hilo, nanyi mkacheka kwa sababu mlidhani anazungumzia biashara. Leo mmeniuliza lilitoka wapi. Kaeni basi, na nyie wa huko nyuma sogeeni. Methali hii haikuja na wageni. Ilianza hapa hapa Mlangeni, katika milima yetu ya Upare, na ilianza hivi.

Palikuwa na mwanamke aliyeitwa Nakijwa, mke wa Kajiru. Alikuwa mnene. Nalisema mapema kwa sababu watu wa wakati ule walilisema kabla ya yote, hata kabla ya kumtaja jina. Alikuwa mnene tangu utotoni, kama mama yake na bibi yake, na unene huo haukumzuia kitu. Alilima tangawizi kwenye mteremko ambao wanaume kadhaa waliujaribu wakauacha. Alipanda mlima na mzigo kichwani huku akiimba, na kicheko chake kilisikika ng'ambo ya korongo.

Kilichomsumbua kilikuwa kingine. Alikaa katika ndoa miaka mingi bila mtoto. Mara mbili alishika mimba, na mara mbili ikaharibika. Aliposhika ya tatu, umri ulikuwa umeanza kusogea, na hakumwambia mtu isipokuwa mumewe. Siri ile ilipotoka, maneno yakaanza.

"Ile si mimba, ni shibe," walisema wengine.

"Mtoto atakaa wapi humo ndani? Pamejaa," wakasema wengine.

Aliyesema zaidi ni Mama Senzia, kiongozi wa kikundi cha akina mama, mwanamke ambaye neno lake lilisikilizwa. Mkwe wake Eliwaza, mke wa Senzia, alikuwa na mimba wakati huo huo. Eliwaza alikuwa binti mwembamba, mwepesi wa mwendo. Mama Senzia alikuwa akimwonyesha kwa watu na kusema, "Mimba ni hii. Ukimtazama kwa nyuma hujui kama ana kitu. Si kama mtu anatembea kama nyumba inahama." Watu wakacheka, na Nakijwa alipopita wakanyamaza, jambo ambalo huumiza kuliko kicheko chenyewe.

Hata kwenye zahanati, alipopanda kwenye mizani, waliokuwa kwenye foleni walinyoosha shingo waone mshale unasimama wapi.

Nakijwa alivumilia, kisha akachoka. Akaacha kwenda kliniki. Akaanza kula kidogo, halafu kidogo kuliko hicho, akidhani akipungua maneno nayo yatapungua. Kajiru alipouliza, alisema amekwisha kula.

Asubuhi moja Kajiru alimkuta ameanguka kati ya matuta ya tangawizi, jembe likiwa ubavuni mwake. Akamwinua, akampa maji.

"Umekula nini leo?"

"Chai."

"Na jana?"

Nakijwa alianza kulia. Ndipo maneno yakamtoka. "Wanasema mafuta yangu yatambana mtoto. Nimezika tumaini mara mbili, Kajiru. Kama ni mwili wangu unaowaua, acha niukaushe."

Kajiru hakuwa mtu wa maneno mengi. Alimfuta udongo usoni, akasema, "Twende kwa nesi. Akikwambia usile, na mimi sitakula."

Zahanati ilikuwa kwenye barabara ya kuteremkia bondeni, na mkunga wake alikuwa Nesi Nyanjige, mama wa Kisukuma aliyezoea baridi yetu kwa shida. Alimpima Nakijwa presha, akampima damu na mkojo, akasikiliza mapigo ya mtoto. Kisha akavuta kiti karibu.

"Nikufiche au nikwambie?"

"Niambie."

"Mwili mkubwa wakati wa mimba una hatari zake. Presha inaweza kupanda, sukari inaweza kupanda, na kujifungua kunaweza kuwa kugumu. Ndiyo maana nataka kukuona mara nyingi kuliko wengine. Lakini hakuna mtoto anayejengwa kwa njaa ya mama yake. Kula maharage, mboga, dagaa, matunda. Sukari na mafuta, punguza. Tembea kila siku. Na hata ukikosa vyote hivyo, usikose kuja hapa."

"Nikija wananicheka kwenye foleni."

"Hao wanaokucheka," Nesi Nyanjige akauliza, "ndio watakaokuzalisha?"

Nakijwa akacheka kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Nesi akaendelea kumfundisha dalili za hatari, akazirudia mpaka zikamkaa kichwani: kichwa kinachouma bila kutulia, ukungu machoni, uso na mikono kuvimba. "Ukiona hayo usingoje kesho. Hicho kinaitwa kifafa cha mimba, na hakichagui mnene wala mwembamba."

Tangu siku hiyo Nakijwa alikwenda kliniki kila alipotakiwa. Na wala hakupita njia ya nyuma ya mashamba. Alipita barabara kuu, mchana, katikati ya watu, akisalimia kila mmoja. Ninyi mnaona hilo ni jambo dogo. Jaribuni kutembea mbele ya macho ya kijiji kizima mkijua linalosemwa mkishapita, ndipo mtajua ulikuwa ujasiri wa namna gani.

Basi, ikafika siku ya kuuza tangawizi. Mnunuzi alikuja na lori, mizani ikatundikwa, watu wakakusanyika na magunia yao. Nakijwa alikuwepo, mimba yake ikiwa imeshakuwa nzito. Eliwaza pia alikuwepo, ameketi juu ya gunia, mkono kwenye paji la uso. Wanawake waliompita walimsifu. "Sasa umependeza, mashavu yamejaa!"

Nakijwa alimtazama mara moja, akaacha mzigo wake, akachuchumaa kwa taabu mbele yake.

"Mdogo wangu, kichwa kinauma?"

"Tangu juzi, dada. Na leo nawaona watu kama wako ndani ya moshi."

Nakijwa akambonyeza mguu kwa kidole gumba. Alama ikabaki kama shimo kwenye unga uliokandwa. "Kliniki ulikwenda lini?"

"Siku nyingi. Mama alisema mimba yangu haina shida, nisipoteze siku za kazi."

Nakijwa akainuka. "Mama Senzia, huyu aende kwa nesi sasa hivi. Lori likiondoka aondoke nalo."

Mama Senzia akaja mbio, kanga ikimvuka. "Mwachie mkwe wangu! Ni jua tu limempiga. Wa kupelekwa hospitali ni wewe na mwili huo. Jamani, watazameni hawa wawili. Mgonjwa ni yupi?"

Watu wakaangua kicheko. Nakijwa hakucheka nao, wala hakulia. Alionyesha kidole pale mizani ilipotundikwa.

"Mama, nakuheshimu, lakini nisikilize. Mnunuzi hanunui gunia kwa kulitazama. Analitundika pale. Macho yenu si mizani. Mimi mmenipima kutwa kucha, na huyu hamkumpima hata mara moja. Mgonjwa ni huyu."

Wakati huo lori lilikuwa limekwisha kupakiwa, injini ikinguruma. Dereva alitikisa kichwa. Mbele ana tajiri wake, yule mnunuzi, nyuma ana mzigo, nafasi ya mgonjwa hana. Akatia gia.

Mnaijua barabara ile inapotokea sokoni. Upande mmoja ni ukuta wa mlima, upande wa pili ni korongo. Nakijwa alitangulia hatua chache, akasimama katikati, mikono kiunoni, tumbo mbele.

Dereva akapiga honi. "Toka, mama! Utagongwa!"

"Pita," Nakijwa akasema. "Wanasema mimi ni mpana kama mlango wa ghala. Haya, nipite ubavuni tuone."

Hakuna aliyecheka. Honi ilipigwa tena, naye hakusogea hata unyayo. Mwisho mlango wa mbele ukafunguka, tajiri akashuka mwenyewe, akapanda juu ya magunia. "Mleteni huyo mgonjwa," akasema. "Mwanamke huyu hatatupisha."

Eliwaza alijaribu kuinuka, magoti yakamlegea akaanguka, mikono ikaanza kumtetemeka. Hapo Mama Senzia akaona. Sauti iliyomtoka hawakuwahi kuisikia kwake. "Mpakieni! Mpakieni mwanangu!" Nakijwa akajibana kwenye kiti kando ya Eliwaza, akamwegemeza kifuani mwake, na lori likateremka.

Nesi Nyanjige alimpima Eliwaza presha, akaikuta iko juu sana. Alimchoma sindano, akafunga mlango wa zahanati, akapanda lori pamoja nao mpaka hospitali ya bondeni. Eliwaza alipasuliwa alasiri ile ile. Alizaa mtoto wa kike, mdogo sana, aliyelelewa kifuani mwa mama yake usiku na mchana kama madaktari walivyoelekeza, mpaka akapata nguvu. Mama na mtoto wakapona. Madaktari walisema wangechelewa kidogo tu, wangewakosa wote wawili.

Na Nakijwa je? Presha yake nayo ilipanda mwishoni, kama nesi alivyohofia. Lakini kwa kuwa hakukosa kliniki, ilionekana mapema. Akashushwa bondeni kabla ya uchungu, akapewa dawa, akajifungua salama mtoto wa kiume. Kajiru alimwita Mbazi, yaani huruma.

Aliporudi nyumbani, mgeni wa kwanza alikuwa Mama Senzia na sufuria ya mtori, ile supu nzito ya ndizi wanayopewa wazazi. Alisimama mlangoni.

"Nakijwa, sijui nianzie wapi."

"Anza kwa kukaa, mama."

Akakaa. "Nilikutazama wewe mpaka nikashindwa kumwona aliyekuwa ndani ya nyumba yangu. Nisamehe."

Nakijwa alikuwa akinyonyesha. Akamhamishia mtoto titi la pili, kisha akasema, "Yaliniuma, mama. Sitakudanganya. Nilikuwa karibu kumuua mwanangu kwa njaa ili nyinyi mninyamazie."

Mama Senzia akajifunika uso kwa kanga, akalia. Alipotulia akauliza, "Nifanye nini sasa?"

"Akija mwanamke mwingine na tumbo lake, muulize hali kabla ya kulisema umbo lake. Basi. Sasa nipe huo mtori kabla haujapoa."

Wakala pamoja, na hawakurudia tena maneno yale.

Kijijini, maneno ya Nakijwa ya siku ile ya lori yalishaanza kutembea. Wanawake waliambiana kwenye foleni ya zahanati, mwenzao alipoogopa kupanda kwenye mizani. Wanaume waliyasema walipomdharau mtu kwa sura, wakagundua wamekosea. Lakini aliyeyashika kuliko wote ni Mama Senzia.

Mbazi alipokuwa amekwisha kuanza kukimbia, Nakijwa alishika mimba nyingine. Siku moja alipita bombani akielekea kliniki, mnene vile vile, akisalimia vile vile. Bi harusi mmoja mgeni kijijini, akitafuta kuwafurahisha wakubwa, akasema kwa sauti ya chini, "Jamani, huyu naye amebeba mtoto au amebeba kijiji?"

Mama Senzia alitua ndoo yake chini.

"Binti," akasema, "umempima presha?"

"Hapana, mama."

"Umempima sukari? Umemsikiliza mtoto tumboni?"

"Hapana."

"Basi mwamkie shangazi yako vizuri, kisha umpishe njia. Macho ya watu si mizani."