Kigelegele Kwenye Duka la Magari

Kigelegele cha mnunuzi ni kicheko cha muuzaji.

Mmeisikia asubuhi kwa shangazi yenu, mkacheka, mkauliza kaitoa wapi. Hakuitoa kitabuni. Imetoka Magomeni, kwa watu wenye majina na nyumba zao, na chanzo chake ni hiki.

Palikuwa na mwanamke anaitwa Siwema, mpishi wa shughuli, mtu asiyeweza kula peke yake. Chai ya asubuhi ilimshuka tu ikiwa kibarazani pana watu watano na habari za mtu wa sita. Na alikuwa na kigelegele. Si kila mwenye ulimi ana kigelegele. Cha Siwema kikipanda, bi arusi aliyenuna aliinua uso, na mtaa wa pili walijua ndoa imeshafungwa.

Mumewe, Kibwana, alikuwa dereva wa teksi, na maneno aliyatoa kwa kipimo, kama dawa. Teksi yake ilikuwa imezeeka ikawa mlevi wa petroli. Alichokipata mchana kilibaki kituo cha mafuta, naye akarudi nyumbani na mgongo unaouma na mfuko mtupu. Ndipo akaambiwa habari za haibridi, gari linalotembea kwa petroli na betri kwa kupokezana, lisilochoma mafuta ovyo kwenye foleni. Akaiuza teksi, akakusanya akiba ya miaka. Bado fedha hazikufika.

"Tuuze masufuria yangu," Siwema akasema. Yalikuwa masufuria makubwa ya pilau, manne, ndiyo yaliyomlisha.

"Masufuria hayauzwi," Kibwana akajibu. "Nitapunguziwa bei. Hiyo kazi niachie mimi."

Na kazi hiyo aliiweza. Kibwana hakuwa mtu wa kuapa wala kupiga meza. Silaha yake ilikuwa uso. Kitu anachokitaka kwa roho yote alikitazama kama wali uliolala. Bei isipofika anapotaka, anaaga kwa adabu, anaondoka polepole, sikio kaliacha nyuma. Hakuwahi kufika mlangoni bila kuitwa.

Basi akaenda kwenye duka la magari mapya, akaenda tena, na kila mara alilizunguka gari lilelile la haibridi kana kwamba limemwagiwa uchafu. Muuzaji, kijana mmoja mwenye tai aitwaye Evarist, akaanza kulegea. "Mzee wangu, njoo Jumamosi," akamwambia. "Nitampigia bosi. Kuna kitu tutakitoa."

Kibwana akarudi nyumbani, akamwambia mkewe, "Jumamosi twende wote ukalione. Lakini usicheke, usilishikeshike, na usimwambie mtu."

Mawili ya kwanza Siwema aliyaona mepesi. Hilo la tatu lilimkalia kooni kama mwiba, na Ijumaa jioni mtaa mzima ulikuwa unajua. Asubuhi yake ikaja kirikuu, kile kigari cha kubebea mizigo, imesheheni wanawake wa sare ya kanga, na mbele, pembeni ya dereva, amekaa wifi yake, Mwanaarabu, dada wa Kibwana, mwenye ulimi wa upupu.

"Siwema, hawa ni nani?"

"Mashahidi, Baba Nasra. Gari halinunuliwi kama dagaa."

Kibwana akafumba macho, akafumbua, akapanda.

Kusema haki, wale mashahidi walianza vizuri. Njiani Siwema alikuwa amewafunda. Mwanaarabu alilizunguka gari, mikono nyuma. "Rangi yenyewe hii? Maji ya kuoshea mchele."

"Na milango myepesi," mwingine akasema. "Mtoto akipiga chafya inafunguka."

"Nusu petroli, nusu betri," Mwanaarabu akaendelea. "Mume wa wake wawili huyu. Hakuna nyumba atakayolala vizuri."

Evarist akajifuta jasho. Kibwana hakutabasamu, lakini alimtazama dada yake kwa mapenzi ambayo hajamtazama nayo tangu wakiwa wadogo. Kijana akatoa simu. "Mzee, naona leo tutaelewana. Ngoja nimpigie bosi. Mama, wewe kaa ndani, nikutembeze kidogo hapa uani wakati simu inaita."

Siwema akaingia. Kijana akabonyeza kitufe. Kimya.

"Mbona haliwaki?" Siwema akauliza.

"Limewaka, mama."

"Mwanangu, nimeolewa na dereva. Gari likiwaka nalijua."

Evarist akaachia breki. Ukuta ukaanza kusogea. Wale wanawake wakaanza kurudi nyuma, taratibu, kama waliowekwa juu ya mkeka na mkeka unavutwa. Hakuna mngurumo, hakuna mtikisiko, hakuna moshi. Siwema akaikumbuka ile teksi inavyokohoa. Akamwona akilini Kibwana amekaa kwenye kiti cha dereva, mgongo umeegemea, anarudi nyumbani akiwa mtu na si gunia. Furaha ikamjaa kifuani, ikatafuta pa kutokea, na kwa Siwema furaha ilikuwa na njia moja tu.

Kikapanda. Kirefu, cha arusi kabisa.

Na desturi mnaijua, kigelegele hakiachwi peke yake. Kisipopokelewa, ni tusi kwa mwenye shughuli. Wanawake wote wakakipokea, na wa kwanza alikuwa Mwanaarabu, yule wa maji ya mchele, amelikimbilia gari, amevua kanga ya juu ameitandika kwenye boneti, kiuno kinajibu.

Evarist akacheka. Hakikuwa kicheko kibaya. Kilikuwa cha mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Akasimamisha gari, akairudisha simu mfukoni.

"Kijana wangu," Kibwana akasema, "ulikuwa unampigia bosi."

"Nilikuwa, mzee."

"Basi mpigie."

"Nimwambie nini? Kwamba mteja anasitasita?" Akanyoosha kidevu kwa Mwanaarabu, ambaye sasa alikuwa analipangusa gari kioo kwa kanga yake. "Mzee wangu, mahari haipunguzwi bi arusi akishaingia ndani."

Kibwana akaaga kwa adabu. Akamshika mkewe mkono, wakaondoka kuelekea getini, masikio yao wameyaacha nyuma.

"Polepole," Kibwana akanong'ona.

"Nikienda polepole zaidi ya hapa nitakuwa nimesimama."

Wakafika getini. Hakuna aliyewaita. Mlinzi akawafungulia, akawatakia safari njema.

Siwema akaanza kulia. "Nimekuharibia, Baba Nasra. Ungenifunga mdomo."

Kibwana akamfuta machozi. "Mimi nimekuja hapa mara zote na uso wa msiba," akasema. "Wewe peke yako ndiye uliyemwambia yule kijana ukweli." Kisha akarudi ndani, akaomba awekewe gari hadi Jumatatu, kwa bei ileile.

Jumapili masufuria yakatolewa uani yauzwe, maana njia nyingine haikubaki. Akaja kuyaona Mwanamvua, mpishi mgeni katika kazi, ameelekezwa na shoga mmoja wa Siwema. Siwema alikaa kwenye kigoda, moyo mzito, yuko tayari kupokea chochote. Mwanamvua akaligonga sufuria la kwanza kwa kifundo cha kidole, likalia kama kengele. Akaligonga la pili. La tatu hakulifikia. Akarusha mikono juu, akapiga kigelegele.

Siwema akaduwaa. Halafu kicheko kikamtoka, hakukipanga, kama ambavyo yule kijana wa tai hakukipanga chake. Akaitaja bei, na haikuwa ile aliyoamka nayo.

"Mama, nipunguzie basi," Mwanamvua akasema.

"Ungeomba kabla hujashangilia, mwanangu. Mimi somo hili nimelilipia jana, na ada yake ilikuwa kubwa."

Mwanamvua akalipa. Masufuria mawili tu yakatosha kuziba pengo la gari; mawili yakabaki. Bei Siwema hakupunguza hata senti, ila alimkalisha binti wa watu, akamnywesha chai, akampa na mwiko mkubwa bure.

Kibwana alikuwa kibarazani muda wote huo. Alisikia kigelegele kinapanda uani, na mara tu nyuma yake akasikia mkewe anacheka. Wapita njia wakamuuliza, "Kuna arusi humo ndani?"

"Hakuna arusi," akawajibu. "Kigelegele cha mnunuzi ni kicheko cha muuzaji."