Helmeti ya Mungu Mlinzi Wangu

Nibishieni tu, nimezoea. Mzee wa kanisa pale mbele ameshakunja mikono kabla sijafungua mdomo, na dada zetu wa kwaya wananicheka kwa macho. Haya. Nasema hivi: nimeona jina la Mungu likimvunja mtu kichwa. Asiyeamini anyooshe mkono. Wote? Vizuri. Ishusheni, mtachoka, na hapa mchovu ni mimi. Mfano huu nimeubeba makanisa manne kabla ya hili, na hauwi mwepesi.

Kulikuwa na baba mmoja, muuza dawa za mifugo. Siku za kazi mpole, hata ng'ombe wanamsalimia. Jumamosi anageuka. Alikuwa na kigari cha zamani, amekitoa viti vyote akabakiza kimoja, anakwenda kushindana na wenzake kwenye uwanja wa ndege wa shamba la mkonge lililokufa, ambako ndege waliobaki ni kunguru. Halipwi mtu pale. Wanazunguka, wanakula vumbi, mshindi anapewa kikombe cha bati na makofi.

Mwaka huo wasimamizi wakasema asiye na helmeti nzuri haingii. Yule baba akatafuta wiki tatu! Anaivaa, anatikisa kichwa kama mbuzi mwenye kupe sikioni, aone kama inacheza. Anaisukuma kwa nyuma, aone kama itamvuka. Muuzaji akamwambia, "Mzee, chukua hii kubwa, upate hewa."

"Hewa ninayo nyumbani," akajibu. "Ikinikaa kwa raha hapa dukani, siku ya kupinduka itaniaga."

Mkewe akamtania. "Baba Tumsifu, mimi uliniangalia siku mbili ukaleta mahari. Hilo kopo wiki tatu?"

"Wewe hukunibana mashavu, Mama Tumsifu."

Mama akacheka, kisha akaacha kucheka. "Kikombe chao sikitaki. Nataka unirudie na akili zako."

Akaipata. Nyeupe, mpya, ina alama ya kupimwa, inambana mpaka anaongea kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni. Niambieni, alichagua vibaya? Hata wewe unayesinzia pale dirishani unajua hapana.

Lakini ilikuwa nyeupe tupu! Na sisi tunajuana. Lori letu lina maandishi, baiskeli ina maandishi, kibanda cha chipsi kimeandikwa Mungu Mwema na mafuta ni ya juzi. Akaipeleka kwa fundi wa maandishi. Huyo fundi msimfananishe na hawa wenu. Kijana, sura nzuri, mkono hautetemeki, wilaya nzima hakuna wa kumgusa. Akaipiga msasa, akaifuta na thina, ile dawa kali ya kuyeyushia rangi, ili herufi zishike, akapuliza nyekundu, akapuliza dhahabu. MUNGU MLINZI WANGU. Herufi zinawaka! Uwanjani watu wakapiga picha na helmeti, dereva wakamwambia asogee.

Jumamosi ya pili, kwenye kona, gari likapanda tuta, likalala ubavu, likageuka miguu juu. Taratibu tu. Muuza maandazi aliyekuwa karibu alisema ni kama mtu anayejigeuza kitandani. Wenzake wamepinduka vibaya kuliko vile, wakatoka wakijipangusa. Yeye, helmeti ilipasuka kama kibuyu.

Kwa nini? Thina, ndugu zangu. Ile thina na ile rangi zinalila ganda la plastiki polepole. Kwa macho huoni kitu. Inang'aa, lakini imeshakufa.

Yule baba yu hai. Anakaa barazani. Mkewe akimletea chai anamwambia, "Asante, dada."

Sasa sisi. Ndiyo, wewe na mimi. Ukutani tumetundika kalenda ya kanisa, na chini ya kalenda mume na mke hawajasemeshana tangu Pasaka. Ni nani aliyetuomba kuandika? Mlinzi alikuwa yupo tayari, mweupe, anatubana mashavu. Tukamfuta na thina ili tupate pa kuandika jina lake.

Makanisa yale manne niliishia hapo. Walipiga makofi, nikala wali wa wageni, nikaondoka.

Leo nimechoka. Yule fundi ni mimi. Mlishahisi, nani mwingine angemsifu vile? Ila sijamaliza. Kabla sijafungua kopo la rangi, yule baba alinionyesha kikaratasi kilichobandikwa ndani, Kiingereza, herufi kama sisimizi. "Mwanangu," akasema, "miwani nimeiacha dukani. Nisomee, wasije wakawa wamekataza kitu."

Shule niliiacha darasa la tano. Kulikuwa na wateja wawili wanasikiliza. Nikakiinamia kikaratasi kile kwa muda ambao mtu huchukua kusoma, hata midomo niliichezesha. Nikamwambia, "Wanasema usiianike juani, basi."

Hospitali mkewe alinishika mkono. "Mwanangu, kwani haikuwa na onyo lolote?"

Nikamwambia, "Hapana, mama."

Lilikuwepo. Mstari wa kwanza kabisa: usipake rangi. Nilikuja kusomewa baadaye na mtu mwingine, nikanyamaza. Yule mama hajui hadi leo. Na mimi, Mungu anisamehe, nimewaambia ninyi kwanza.