Kuku Aliyeitwa Wifi

Usichinje dawa kumlisha mganga. Ndivyo nilivyomwambia baba yenu mdogo jana, na sauti yangu ikawashtua, maana hamjazoea kunisikia nikifoka. Alikuwa ameshamtia paka wa shangazi yenu anayeumwa ndani ya gunia ili akamtupe ng'ambo ya mto, eti watu wa maombi wanakuja kumwombea mgonjwa na hawatapenda kukuta manyoya kitandani. Nilimnyang'anya lile gunia. Paka yupo, amelala miguuni pa mwenyewe, na hilo limekwisha. Lakini mmeniuliza maneno yale nimeyatoa wapi. Basi kaeni niwaambie yalikozaliwa. Sauti yangu ikipanda tena msishangae. Bibi yangu alinisimulia habari hii akiwa na hasira, na mimi sijaona sababu ya kuipunguza.

Huku kwetu milimani Upare, zamani kidogo, palikuwa na mwanamke jina lake Nakijwa. Mumewe aliitwa Senkondo, mtu mpole, mchapakazi, mwenye haya nyingi. Walikuwa na mtoto mmoja wa kike. Surua ikapita kijijini, ikamchukua mtoto huyo.

Msiba ulifanywa inavyopasa. Watu walikuja wakalia naye, wakapika makande, wakalala matanga. Kisha wakarudi makwao, kama inavyopasa pia. Nakijwa akaingia ndani akalala, akaupa ukuta uso wake. Akiulizwa neno, hajibu. Akiletewa chakula, anaonja na kusukuma bakuli. Nywele zikasokotana, mwili ukapungua, na mdomo ule ambao zamani ulikuwa hauishi vichekesho ukawa umefungwa kama mlango wa nyumba iliyohamwa.

Siwalaumu wote. Kulikuwa na mama mmoja jirani aliyekuwa akimletea kuni, anaziweka nje taratibu na kwenda zake bila kupiga hodi, ili asimlazimishe mgonjwa kuitikia. Jina lake halikunifikia, lakini nampenda mpaka leo.

Ninayemzungumzia ni Naetwe, dada yake Senkondo. Huyu alikuwa akija kila asubuhi. Anaingia moja kwa moja mpaka chumbani na kuanza.

"Wifi, bado umelala tu? Jua lote hili! Machozi hayajawahi kumfufua mtu. Wewe bado kijana, utazaa mwingine. Haya, amka, uso huo hata mumeo atauchoka."

Alisema kwa nia njema. Na nia njema ya namna hiyo, wajukuu zangu, ndiyo inayonichosha kuliko zote. Mwenye nia mbaya unaweza kumfungia mlango. Mwenye nia njema anaingia na viatu, anakukanyaga kidonda, kisha anangoja umshukuru.

Sasa pale nyumbani kulikuwa na kuku mmoja kishingo, hawa wasio na manyoya shingoni. Alikuwa mbaya wa sura hata watoto wa kijiji walikuwa wakimcheka. Na zaidi ya ubaya alikuwa hafai kitu: anataga leo, anapumzika wiki, na akiatamia anachoka kabla mayai hayajaanguliwa. Siku moja kuku huyo akaingia chumbani kwa Nakijwa akitafuta pa kutagia, akaona kikapu chini ya kitanda, akajipanga humo. Mtu mzima mwenye nguvu angemfukuza. Nakijwa hakuwa na nguvu za kufukuza hata nzi. Kuku akalala humo humo mpaka asubuhi.

Kulipokucha akataka kutoka. Akaudonoa mlango, akalia, akapanda kitandani, akamkanyaga Nakijwa mbavuni kama anayekanyaga kichuguu. Hakumwambia machozi hayafufui mtu. Alitaka mlango tu. Nakijwa akainuka akamfungulia.

Ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kusimama kwa hiari yake tangu siku ya maziko.

Kesho yake ikawa vile vile, na keshokutwa. Akishamfungulia, anaketi kizingitini kumwangalia akichakura, kwa sababu mwewe alikuwa hachezi mbali. Akiletewa makande, anachagua punje za mahindi amgawie mwenzake, na katika kuchagua anajikuta na yeye anatafuna. Akaanza kwenda migombani kumtafutia mchwa. Mkono ukashika jembe. Na siku moja watu waliokuwa wakipita njiani walisikia sauti iliyokauka kwa kukaa bila kutumika ikisema, "Wifi, hebu ngoja kwanza. Una pupa kama mwizi."

Alimwita kuku wifi! Mimi bibi yenu huwa nacheka nikifika hapo. Nadhani ule ulikuwa mwanzo wa ule mdomo wake wa zamani kurudi. Alikuwa na wifi mmoja wa kumsimanga asubuhi, akajitafutia wa pili wa kukaa naye kimya.

Senkondo aliyaona hayo yote. Naomba mlishike hili. Kila alfajiri kabla ya kwenda shamba alikuwa akijaza maji kwenye kigae, anakiweka karibu na mlango kwa ajili ya yule kuku, halafu anaondoka bila kusema. Alijua. Lakini Naetwe aliyaona pia, na kwake ilikuwa habari nyingine.

"Kaka, mkeo ameharibika kabisa," alisema. "Mimi wifi yake wa damu nikimwamkia hanijibu, halafu anakaa kupiga soga na kuku. Tena na yule mbaya! Watu wanatucheka. Nenda kamlete mzee Kirumbi."

Mzee Kirumbi alikuwa mganga wa upande wa pili wa mlima, mtu mwenye heshima zake, asiyeenda kwa kila mtu. Senkondo angeweza kusema, "Dada, mwache, naona anapata nafuu." Hakusema. Angeanzaje kuwaambia wazee kwamba mkewe anatibiwa na kuku kishingo? Aliona haya. Akachukua fimbo yake akamfuata mganga.

Siku mganga alipofika, wanawake walikuwa wamemchukua Nakijwa kwenda kijitoni kumwogesha na kumsuka, ili asikutwe mchafu. Na nyie mnajua desturi yetu, mgeni wa namna ile hapewi mboga za majani. Lazima kuku achinjwe, na firigisi ni yake. Naetwe akatazama uani. Jogoo ni wa mbegu. Yule mweupe ana vifaranga. Yule mwekundu anaatamia. Akabaki kishingo, kasimama mlangoni akimngoja mwenyewe.

"Huyu," akasema Naetwe. "Huyu ana kazi gani?"

Senkondo akafungua kinywa. "Dada, huyu..."

"Huyu nini? Mgeni wako ale mawe? Mgeni njoo, mwenyeji apone, au umesahau? Anakuja kumponya mkeo, wewe unamwonea uchungu kuku asiyetaga!"

Senkondo akatazama chini. Akaenda kumnolea kisu.

Hasira yangu yote ipo hapa, wajukuu zangu. Kuku wengine ungewakimbiza uani kote, watu wakianguka na kucheka. Yule hakukimbizwa. Naetwe alinyoosha kiganja chenye chenga za mahindi, naye akaja mwenyewe. Mkono wa binadamu alikuwa ameuzoea kwa wema tu.

Mganga akakaribishwa, akanawa, akala. Alikuwa ameshamaliza firigisi na yuko kwenye paja, wakati sauti iliposikika kutoka njia ya kijitoni. Ilikuwa sauti nyepesi, ya mtu aliyetoka kuoga.

"Wifi! Wifi, uko wapi? Nimekuletea mchwa!"

"Abee, wifi!" Naetwe akaitikia, akaruka juu kwa furaha. "Mmesikia? Ameniita! Mzee, dawa zako zimefanya kazi hata hujazifungua!"

Mzee Kirumbi akaacha kutafuna. "Mliniambia huyu mama hasemi."

"Hasemi, mzee," akajibu Senkondo.

"Sasa huyo ni nani?"

Senkondo akamsogezea maji ya kunawa.

"Senkondo, nakuuliza. Mkeo huwa anasema na nani?"

"Ni... kuna kuku mmoja, mzee. Amemzoea. Huwa anaongea naye."

"Tangu lini?"

"Tangu alipoanza kuamka mwenyewe. Na kula. Na kutoka nje."

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Yuko wapi kuku huyo?"

Mganga akatazama nyuso zao moja moja, kisha akatazama kile alichokishika mkononi. Akakirudisha bakulini polepole sana.

Nakijwa alikuwa ameshafika uani, amesukwa, kanga safi, mchwa wamekunjwa ndani ya jani la mgomba. Akaona maji ya kunyonyolea, na manyoya ndani yake. Akamwona mumewe hainui kichwa. Akaingia mpaka pale walipokaa, akatazama chungu, akamtazama mgeni. Watu walidhani atapiga yowe au ataanguka. Alisema. Na alisema kwa watu, kwa mara ya kwanza tangu amzike mwanawe.

"Mlitaka nipone," akasema, "au mlitaka muonekane mmeniuguza?"

"Wifi, alikuwa kuku tu," Naetwe akaanza.

"Usiniite wifi! Wewe ulikuja kila siku kunihesabia siku za kulia. Yeye alikuja kulala. Wewe ulitaka niamke ili wewe upumzike. Yeye alitaka nimfungulie mlango, na mimi nikaona bado kuna kiumbe mmoja ambaye nisipoamka ataumia. Mlimwona ananiinua, nyote. Mlimwona! Halafu mmechukua kisu mmechinja dawa, mkamlisha mganga."

Akaweka jani la mchwa mbele ya mzee Kirumbi, juu ya mkeka, akaingia chumbani akafunga mlango.

Mganga alinawa mikono. Hakufungua mkoba wake. Alipokuwa akitafuta fimbo yake, Senkondo akamshika mkono. "Mzee, tufanyeje?"

"Mimi nilibeba mizizi," akasema mzee Kirumbi. "Nyinyi mlikuwa na kitu kilichokwisha kumwinua mgonjwa, na hamkuniuliza kama nina njaa, wala hamkumwuliza yeye. Siwezi kukirudisha. Usiniombe." Akaenda zake, na wanasema tangu siku ile alikuwa akifika kwa mgonjwa hagusi chakula mpaka aongee na mgonjwa kwanza.

Naetwe alikaa siku nzima akilia. Nawaambia hili kwa sababu ni kweli, hakuwa na moyo mbaya. Asubuhi akaja na kuku mwingine, mkubwa, mweupe, manyoya yamejaa shingoni, amefungwa miguu kwa kamba. Akamweka mbele ya mlango.

"Nakijwa," akaita, maana lile neno wifi liliogopa kumtoka. "Nimekuletea mwingine. Tena mzuri kuliko yule."

Mlango ukafunguliwa. Nakijwa akainama, akamfungua yule kuku kamba, akamgeuza kichwa kuelekea nyumbani kwa Naetwe.

"Mwanangu alipokufa uliniambia nitazaa mwingine," akasema. "Leo tena unaniambia mwingine. Naetwe, wewe hujaona hata siku moja kwamba kilichokufa kilikuwa na uso wake?"

Akafunga mlango. Akaugeukia ukuta tena, na safari hii ilikuwa ndefu kuliko ya kwanza. Mvua za vuli zikapita, mahindi yakavunwa, watu wakapanda tena, yeye yuko ndani. Mnaniangalia mkitaka niharakishe mpaka pazuri. Siharakishi. Kilichoharibiwa kwa muda wa kuchemsha chungu kimoja kilichukua misimu miwili kutengenezwa, nanyi mjue hivyo.

Aliyekitengeneza ni Senkondo, naye alichelewa, lakini nitampa haki yake. Aliacha kwenda shamba mapema. Alikaa chumbani, chini, karibu na kitanda, akisuka kamba au akimenya maharage, bila kumwambia mkewe neno la kumharakisha. Akilala, naye yupo. Akilia, naye yupo. Watu wakamcheka, wakasema ameolewa yeye. Safari hii aliiacha ile haya yake iende huko huko kwa wanaocheka. Mpaka siku moja, akiwa anamenya maharage vibaya kama mnavyomenya nyie wanaume, akasikia nyuma yake:

"Unatupa mazima, unabakiza mabovu."

Hakugeuka kwa haraka. Alisukuma ungo nyuma kidogo, mpaka mikono ya mkewe ikaufikia.

Nakijwa akawa mcheshi tena, akazaa, akazeeka, na Naetwe aliruhusiwa kumwita wifi baada ya miaka. Lakini maneno yale aliyoyasema siku ya mganga hayakurudi ndani. Wanawake waliyachukua kijitoni, wakayapeleka mashambani na kwenye ndoa za mabinti zao. Kila walipomwona mtu amechukua kile kidogo kinachompa mwenzake sababu ya kuamka, akijitia kumsaidia kwa kikubwa, walimwambia usoni, bila kupunguza sauti, kama nilivyomwambia baba yenu mdogo:

Usichinje dawa kumlisha mganga.