Shada Moja la Subilaga

Hapo zamani, si zamani ya mababu, zamani ya juzijuzi tu, palikuwa na shule ya wasichana kule Rungwe, kwenye mvua isiyojua likizo. Sogeeni karibu, maana mwisho wa habari hii kazi nawaachia nyinyi.

Hapo alisoma Subilaga, msichana wa kidato cha tatu mwenye kigugumizi. Kichwa chake kilikuwa chepesi, ila neno likifika mdomoni linagoma. Akiitwa jina asubuhi, wenzake husema "nipo", yeye hunyoosha mkono. Tangu kidato cha kwanza, mkono tu. Inauma, jamani.

Mwalimu Lugano alipotumwa kuchagua vitabu vya maktaba, alikataa kurudi na vya mtihani tu. Alitaka vitabu vya mambo ya kweli, ambavyo msichana atavisoma bila kushikiwa fimbo. Siku tatu alikaa duka la vitabu mjini, anafungua, anasoma, anarudisha. Siku ya tatu akapata kitabu cha mtu aliyeeleza sauti inavyotengenezwa kooni, na jinsi yeye mwenyewe alivyoishi na kigugumizi. Akamkumbuka Subilaga, akakikumbatia.

Furaha ikamponza. Alimpa mbele ya darasa zima: "Subilaga, mwanangu, hiki cha kigugumizi ni chako hasa!" Darasa likacheka. Subilaga akakirudisha kabla ya kengele, akaapa hatakigusa tena.

Maktaba ilikuwa mikononi mwa Mzee Ambakisye, aliyeogopa vumbi kuliko nyoka. Kila kitabu kipya alikivika karatasi ya kaki, mbele na nyuma, akaandika namba mgongoni. Basi vitabu vilivyochaguliwa kwa jasho vikapanga mstari rafuni, vyote sura moja. Wasichana wakavipita mwaka mzima bila kuvitazama.

Halafu kuna Tusekile. Huyu ndiye aliyecheka kuliko wote siku ile, na ndiye aliyekuwa akimwigiza Subilaga bwenini. Siku moja ya mvua alichomoa kitabu kimoja cha kaki bila kujua ni kipi. Namba arobaini. Akakisoma mpaka mwisho, na tangu hapo hakumwigiza tena mtu. Jumamosi, wakisukana nywele, akaanza kusimulia: "Basi huyo bwana kasimama siku ya harusi yake, anatakiwa aseme neno moja tu. Mdomo wazi. Ukweni wanangoja..." Akanyamaza. Wenzake wakamvuta kanga. "Mwisho wake katafuteni wenyewe," akasema. "Namba arobaini."

Subilaga, aliyekuwa akisikiliza pembeni, alisubiri wenzake waende kufua, akakimbilia maktaba. Mzee Ambakisye akamwona anavyokibana kitabu kifuani huku anatazama mlango. Hakuuliza. Hata jina hakuliandika daftarini. Alisema tu, "Kaki haina mdomo, binti yangu. Kasome popote."

Akasoma kitandani, akasoma kwenye foleni ya chakula, na watu wakaona kaki tu. Kigugumizi hakikwisha, msije mkadanganyika. Kilichokwisha ni aibu. Asubuhi moja akaitwa jina, akajibu, "N-n-nipo, Mwalimu." Mwalimu Lugano akajifanya ameangusha kalamu, akainama kufuta machozi.

Sasa, shule ile ina desturi yake. Siku ya mahafali kila anayehitimu hupewa shada moja la maua. Ataita jina la mtu mmoja wa pale shuleni, kwa sauti yake, amvike.

Ikafika jioni ya kuamkia zamu ya kina Subilaga. Mwalimu Lugano, Mzee Ambakisye na Tusekile wakakutana maktaba, wasijue Subilaga naye yumo nyuma ya rafu.

"Kesho naitwa mimi," Mwalimu Lugano alitania, ila alimaanisha. "Bila mimi kitabu kingebaki dukani."

"Ukamvua nguo nacho mbele za watu," alijibu Mzee Ambakisye. "Mimi ndiye niliyemsitiri."

"Ulivisitiri hata vikakosa wasomaji, Mzee wangu!"

"Mwalimu, Mzee, naombeni niseme," Tusekile aliingilia. "Kingekuwa rafuni mpaka leo. Mimi ndiye niliyemtia hamu."

"Wewe uliyemliza miaka yote ile?"

Tusekile akainamisha kichwa. "Ndiyo, Mwalimu. Ndiyo maana nalitaka shada. Nijue amenisamehe."

Nyuma ya rafu Subilaga alilia kimyakimya. Aliwapenda wote, na shada ni moja.

Kesho yake akasimama mbele ya wazazi, shada mkononi. Watatu wale wamekaa benchi moja, hakuna anayepumua. Na msiniambie ataita jina jepesi, kwake yote matatu ni mazito. Akafungua mdomo. Kimya. Watu wakadhani amekwama.

Hakukwama. Alikuwa anachagua.

Je, nani alistahili shada lile: aliyekichagua kitabu, aliyekificha, au aliyemtia hamu ya kukisoma? Semeni nyinyi, mwenzenu bado amesimama.