Mama Fuko Apiga Kura Shimoni

Paukwa!

Pakawa!

Itikieni vizuri, hata nyinyi wakubwa mnaojifanya hamsikilizi. Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na simu na binadamu bado wanaitana kwa kelele mabondeni, paliondokea Mama Fuko. Aliishi chini ya ardhi na watoto wake wachanga. Kazi yake kuchimba. Chimbu, chimbu, chimbu! Jua lilimuumiza macho, basi nje hatoki.

Chifu alikuwa Nyati, na karani wake Kicheche. Baraza lilikaa mchana, huko kileleni mwa kilima, na lilikuwa na desturi moja: asiyekuja amekubali. Kicheche aliipenda desturi hiyo, weee! Wakija wachache, yeye hupaza sauti: "Wengine wote wamekubali!" Jambo limepita.

Siku moja Mama Fuko akasikia vishindo juu ya paa lake. Du! Du! Du!

"Nyinyi huko juu! Kuna nini?"

"Tunapima bwawa," akajibu Kicheche. "Litachimbwa hapa hapa, karibu na kwangu. Baraza limepitisha."

"Na wanangu je? Hawajaota hata manyoya. Niwapeleke wapi?"

"Mbona ulikubali, mama?"

"Mimi? Nilikubali lini?"

"Si hukuja?"

Mama Fuko akalia kwa uchungu. Kisha akachimba. Chimbu, chimbu, chimbu, mpaka uani kwa Chifu. Akatoa pua tu.

"Shikamoo, Mzee. Nimekuja, ila macho siwezi kuyafumbua."

"Marahaba, mama. Sema."

Akasema yote. Nyati akaona haya. Serikali yake ilikuwa na simu, tena tele, zimefungiwa ghalani, maana Kicheche alidai wanyama wa mashimoni hawataziweza. "Zitoe!" akaamuru Nyati. "Kila shimo, kila kiota, kila kichaka kipate yake."

Asubuhi simu zikalia msitu mzima. Piii! "Bwawa lichimbwe kwa Mama Fuko? Ukitaka, bonyeza moja. Hutaki, bonyeza mbili."

Mama Fuko akapapasa, akabonyeza mbili. Ti! Kanga alikuwa anaatamia mayai. Akanyoosha ukucha, ti! Bundi akafumbua jicho moja, ti, akalala tena. Na Kobe, ambaye tangu azaliwe hajafika barazani kabla halijavunjika, akabonyeza akiwa njiani. Ti! Akacheka peke yake.

Jioni Kicheche akapanda kileleni. "Wamejibu wachache! Wengine wote wamekub..."

Piii! Simu zote zikasema kwa pamoja: "Wasiotaka ni wengi." Hata simu ya Kicheche mwenyewe ikasema, tena kwa sauti kubwa.

Kicheche akafura. "Mzee, sauti za mashimoni nazo tuzihesabu?"

Nyati akamtazama. "Ulipokuwa ukizihesabu kuwa zimekubali, mbona hukuuliza zinatoka wapi?"

Bwawa likachimbwa ng'ambo ya kilima, kwenye mawe, pasipokaa mtu. Na watoto wa Mama Fuko wakaota manyoya palepale walipozaliwa.

Basi wanangu, na nyinyi wenye vyeo vyenu: kunyamaza si kukubali. Anayetawala apeleke swali mpaka mlangoni, na aliyeulizwa asione uvivu kujibu.

Hadithi yangu imefika mwisho hapo. Aliye na tamu kuliko hii na aitoe.